Mbawakawa wa Ardhini katika Shamba la Viazi: Msaada Wake Unaishia Wapi?

Katika kila mjadala wa kupunguza viuatilifu kwenye viazi mviringo, mbawakawa wa ardhini hakosi kutajwa. Wanaomsifu hueleza jinsi anavyoweza kula kwa siku moja chakula kinachokaribia uzito wa mwili wake. Wanaompuuza huuliza swali la haki: kama anakula hivyo, mbona mashamba bado yanashambuliwa? Pande zote mbili zina ushahidi, na ushahidi huo ukiwekwa pamoja haupingani. Mdudu huyu ana faida ya kweli, ila faida yenyewe inategemea mambo matatu: ni mharibifu gani aliyepo shambani, ni maadui gani wengine wanaomwinda mharibifu huyo, na mkulima anautendea nini udongo na mipaka ya shamba lake. Asiyeyaangalia hayo atamsifu bure au atamlaumu bure.

Mwindaji wa chini

Familia ya Carabidae ina aina zipatazo 40,000 duniani. Wengi ni weusi au wa kahawia iliyokolea, wanang'aa, wana miguu mirefu ya mbio na taya zilizochomoza mbele. Mbawa zao za mbele zimekuwa magamba magumu yenye mistari, na baadhi ya aina haziruki kabisa. Mchana hukaa chini ya mawe, madongoa na majani makavu. Giza likiingia hutoka kuwinda. Mkulima humjua kwa mbio zake jembe linapogeuza dongoa, na kwa harufu kali inayobaki vidoleni akimshika. Jamaa zake wakubwa wa nyika za Afrika, wa jenasi ya Anthia, weusi wenye madoa meupe, hurusha asidi inayochoma macho. Wengine huchanganya kemikali tumboni na kufyatua mvuke wenye joto linalokaribia nyuzi 100 za Selsiasi.

Aina nyingi hutema vimeng'enya juu ya windo, nyama ikalainika kuwa uji, ndipo huunywa. Ulaji huo uliwasumbua watafiti kwa miaka mingi, kwa sababu ukimpasua tumbo mara nyingi hukuti mguu wala kichwa cha kukuambia alikula nini. Ndiyo maana walihamia kwenye vipimo vya kingamwili, na baadaye vya DNA, vinavyotambua mabaki ya windo hata likiwa limeshakuwa maji. Kwa njia hizo William Symondson na wenzake nchini Uingereza walithibitisha kwamba Pterostichus melanarius, mbawakawa mweusi aliyezagaa katika mashamba ya Ulaya, hula koa akiwa huru shambani, wala si ndani ya chombo cha maabara tu. Koa si mdudu mdogo wa kudharauliwa na mkulima wa viazi wa nchi ile: katika udongo mzito wenye unyevu hutoboa kiazi kingali ardhini, na kiazi kilichotobolewa hakipati mnunuzi.

Lava wa mbawakawa, yaani mtoto wake kabla hajageuka kuwa mdudu kamili, naye ni mwindaji, na katika aina nyingi maisha yake huyapitisha udongoni. Kwa hiyo familia moja huwinda katika tabaka mbili, juu ya ardhi na chini yake. Jenasi kama Harpalus na Amara hula pia mbegu za magugu, na hiyo ni faida ya pembeni ambayo mara nyingi husahaulika.

Mharibifu hushuka lini?

Mbawakawa wengi wa ardhini hawapandi mimea sana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama anakula mdudu fulani, tuulize mdudu huyo hufika chini saa ngapi na katika hatua gani ya maisha yake. Hapo ndipo wawili hawa hukutana.

Sota ndiye anayekutana naye kwa urahisi zaidi. Kiwavi huyu hujikunja udongoni mchana na kutoka usiku kukata mashina machanga, saa zile zile ambazo mbawakawa yuko kazini. Nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, ana nyakati mbili za hatari: viwavi wake wanapoteremka kupitia nyufa za udongo kuvifuata viazi, na wanapotafuta mahali pa kugeukia ndani ya takataka za shamba. Koa hana pa kukwepea, kwa kuwa maisha yake yote ni ya ardhini.

Vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, wangeonekana kuwa salama juu ya majani. Lakini hudondoka wanapotishwa. Mwaka 1998 John Losey na Robert Denno walionyesha jambo hilo katika shamba la alfalfa: kobe-dudu alipowinda juu ya mmea, vidukari walijiangusha, na chini walimkuta mbawakawa wa aina ya Harpalus. Wawindaji hao wawili wakiwa pamoja waliua vidukari wengi kuliko jumla ya walioua kila mmoja akiwa peke yake. Hilo linatupa dokezo la kwanza kwamba thamani ya mbawakawa haipimwi kwake pekee. Panapokosekana mwindaji wa juu, mwindaji wa chini hukaa akisubiri kisichoanguka.

Mfano wa mdudu wa Colorado

Kesi iliyochunguzwa kwa undani zaidi ni ya mdudu wa viazi wa Colorado, Leptinotarsa decemlineata, mbawakawa mla majani mwenye mistari kumi myeusi mgongoni. Thomas Say alimwandika kisayansi mwaka 1824, wakati ambapo alikula magugu ya jamii ya mnavu katika maeneo kame ya Amerika Kaskazini. Walowezi walipopeleka viazi magharibi, mdudu akabadilisha chakula. Mwaka 1859 alionekana akiharibu viazi karibu na Omaha, Nebraska, na kufikia 1874 alikuwa amefika pwani ya Atlantiki. Mwaka 1922 aliota mizizi Ufaransa, karibu na Bordeaux, kisha akaenea Ulaya na kuingia Asia. Hadi leo si mdudu wa mashamba ya Afrika Mashariki, na ni jambo la kuombea libaki hivyo.

Umaarufu wake mwingine ni ukaidi dhidi ya sumu. Usugu wake kwa DDT ulionekana huko Long Island mapema katika miaka ya 1950, na tangu hapo amekuwa sugu kwa zaidi ya viambata 50 vya viuatilifu. Mkulima wa huko hana anasa ya kuuliza kama anahitaji maadui wa asili. Dawa zenyewe zimemlazimisha.

Mdudu huyu naye hushuka. Jike hutaga mayai ya rangi ya machungwa kwa mafungu chini ya jani. Lava hula majani hadi wanenepe, kisha hujidondosha na kujifukia udongoni ili wageuke. Hapo anakutana na Lebia grandis, mbawakawa wa ardhini mwenye tabia isiyo ya kawaida. Lebia mzima hupanda mmea na kula mayai na lava. Lava wa Lebia hufanya kazi nyingine kabisa: hupenya udongoni, humtafuta mdudu wa viazi aliyejifukia, humng'ang'ania na kumla hadi amalize hatua yake ya kukua. Mharibifu mmoja anaandamwa juu na chini na adui yule yule.

Mtu angetarajia kwamba adui wa namna hiyo alitoka magharibi pamoja na mharibifu. Utafiti wa Donald Weber na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani ulielekeza kwingine. Lebia anakua vizuri zaidi juu ya Leptinotarsa juncta, mdudu wa mashariki ya Marekani anayekula magugu na ambaye hasumbui viazi. Inaonekana adui alikuwa mwenyeji aliyepokea mgeni, akamla kwa kuwa alifanana na chakula chake cha siku zote. Kwa mkulima maana yake ni kwamba magugu ya pembeni na wadudu wasio na madhara wanaoishi humo yanaweza kuwa ndiyo ghala linalomweka hai adui wa mharibifu wake.

Je, mdudu kama huyo anaweza kuhamishwa? Historia ina majibu mawili. Katika miaka ya 1930 Wafaransa walimleta Lebia kupambana na mdudu wa Colorado, lakini hakukaa. Kabla ya hapo, mwaka 1905, Wamarekani walianza kuingiza kutoka Ulaya mbawakawa mkubwa wa kijani, Calosoma sycophanta, dhidi ya viwavi waliokuwa wakimaliza misitu ya New England, naye akastawi hadi leo. Tofauti ya matokeo hayo inatosha kumwonya anayefikiria kununua boksi la mbawakawa na kulimwaga shambani. Mara nyingi wenyeji waliopo ndio wa kutunzwa.

Nguvu ya wengi kwa uwiano

Utafiti uliobadilisha mjadala ulitoka jimbo la Washington, mojawapo ya maeneo makuu ya viazi Marekani. Mwaka 2010 David Crowder, William Snyder na wenzao walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa mashamba ya viazi ya kilimo hai na ya kawaida. Hawakuishia kuhesabu aina za maadui. Waliangalia uwiano wao: je, shamba limejaa aina moja na nyingine chache, au aina mbalimbali zina idadi zinazokaribiana? Mashamba ya kilimo hai yalikuwa na uwiano bora, kwa wawindaji wa juu na pia kwa kuvu na minyoo midogo inayoua wadudu udongoni.

Kisha waliunda upya viwango hivyo vya uwiano ndani ya vizimba vyenye mimea ya viazi na mdudu wa Colorado. Penye uwiano kama wa kilimo hai, wadudu waharibifu walipungua kwa asilimia 18 na mimea ikawa mikubwa kwa asilimia 35.

Tuzisome namba hizo kwa makini. Asilimia 18 si maangamizi ya mharibifu. Shamba bado lina wadudu. Lakini mmea uliopumzishwa kidogo katika wiki za kukua ulilipa zaidi ya ilivyotarajiwa. Anayemtarajia mbawakawa asafishe shamba kama dawa kali atavunjika moyo. Anayetaka mmea upate nafasi ya kuishinda hasara ataona tofauti.

Kikulacho

Sasa upande wa lawama. Mbawakawa hachagui kati ya adui wa mkulima na rafiki yake. Huko Wisconsin, Snyder na Anthony Ives walimfuatilia Pterostichus melanarius katika alfalfa yenye vidukari na nyigu mdogo anayetaga ndani ya vidukari. Mimea ilipokuwa mifupi, baada ya kukatwa, mbawakawa aliwapunguza vidukari. Mimea ilipokua aliwafikia vidukari wachache kuliko awali, lakini aliendelea kula wale waliokwisha kukauka wakiwa na nyigu ndani. Nyigu wakapungua, na mwishoni vidukari wakawa wengi kuliko pale ambapo mbawakawa hakuwepo.

Tatizo hilo hutokea pia ndani ya familia yenyewe: mbawakawa wakubwa hula wadogo. Wale wadogo ndio walaji hodari wa mayai ya nzi wanaoharibu mboga, hivyo kuongeza wakubwa kunaweza kuyapa mayai hayo usalama. Ndipo tunapoelewa kwa nini matokeo ya Washington yalisisitiza uwiano. Mbawakawa mmoja mkubwa akitawala shamba anaweza kuwa hasara; akiwa mmoja kati ya wengi, madhara yake humezwa na kazi ya wengine. Katika mashamba mengi kinachowaondoa hao wengine ni kiuatilifu kinachoua kila mdudu kinachomgusa.

Sumu inayopita kwa windo

Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo huuzwa kwa bei nafuu na kupatikana karibu kila duka la pembejeo, huua mbawakawa anayepita juu ya udongo uliopuliziwa. Hilo linajulikana. Kisichofikiriwa sana ni njia ya mzunguko. Mwaka 2015 Margaret Douglas, Jason Rohr na John Tooker walichapisha utafiti wa Pennsylvania kuhusu soya iliyopandwa kwa mbegu zilizopakwa kiuatilifu cha thiamethoxam. Koa walikula miche na hawakudhurika, kwa sababu koa si mdudu na sumu hiyo haimwezi. Mbawakawa waliokula koa hao walipata sumu ndani ya nyama, na zaidi ya asilimia 60 walikufa au kulemaa. Shambani, koa walipata nafuu na mavuno yakashuka kwa asilimia 5.

Soya si kiazi, lakini utaratibu ni ule ule popote penye koa, mbawakawa na dawa inayosambaa ndani ya mmea. Mkulima alilipia dawa iliyomlinda mharibifu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: anayepulizia kwa ratiba mwanzoni mwa msimu huwaua wawindaji kabla mharibifu hajaongezeka, kisha anamkabili mharibifu huyo akiwa peke yake.

Nyumba ya mbawakawa

Kiazi chenyewe ni zao gumu kwa mwindaji wa ardhini. Udongo hugeuzwa wakati wa kupanda, hupandishwa kwenye matuta, kisha hufukuliwa wote wakati wa kuvuna. Kila tukio huua lava na kubomoa maficho. Kivuli cha majani kikishafunga shamba huwa na unyevu na baridi inayompendeza, lakini lazima awe na mahali pa kutokea.

Uingereza ilijibu hilo kwa tuta la kudumu. Matthew Thomas, Stephen Wratten na Nicholas Sotherton walichapisha mwaka 1991 matokeo ya matuta ya udongo yaliyopandwa nyasi zinazoota kwa mafungu katikati ya mashamba makubwa ya nafaka. Kufikia majira ya baridi ya pili, baadhi ya sehemu za matuta hayo zilikuwa na wawindaji zaidi ya 1,000 kwa mita moja ya mraba. Serikali ilifikia hatua ya kuwalipa wakulima wanaoyatunza. Njia ya pili ni matandazo. Huko Marekani, viazi vilivyofunikwa nyasi kavu vilipata wawindaji wengi zaidi na majani yaliyoliwa na mdudu wa Colorado yakapungua.

Nyanda za juu za Afrika Mashariki

Mkulima wa Njombe, Lushoto, Nyandarua, Musanze au Kabale ananakili nini na kuacha nini? Tuta la Uingereza lilibuniwa kutatua umbali: katika shamba la hekta 20 mbawakawa wa pembeni hafiki katikati mapema. Kwetu mashamba mengi ya viazi hayafiki hekta moja, na kila shina liko karibu na mpaka. Hatuna shida ya umbali. Shida ni mpaka wenyewe kuchomwa moto, kulimwa hadi inchi ya mwisho au kupuliziwa pamoja na shamba.

Tuta pia tayari tunalo. Makinga maji ya fanya juu, ambayo mkulima hutupa udongo upande wa juu wa mfereji na kupanda majani ya tembo au nyasi za makarikari juu yake, yana umbo lile lile la tuta la Waingereza: udongo ulioinuliwa, usiolimwa, wenye mashina mazito ya nyasi. Yalijengwa kuzuia mmomonyoko, lakini yakiachwa na nyasi zake kiangazi chote, shamba likiwa tupu, yanaweza kuwa makazi ya wawindaji bila gharama ya ziada. Kinachotakiwa ni kutoyakata yote kwa siku moja na kutoyachoma.

Matandazo yana ushindani. Mabua na nyasi ni chakula cha ng'ombe, na mkulima hatamnyima ng'ombe ili amfiche mdudu. Tena koa hupenda matandazo kama mbawakawa anavyoyapenda. Yafaa pale ambapo mabaki yapo kwa wingi na koa si tatizo. Kupandishia udongo kwenye matuta nako humsumbua mbawakawa, lakini huziba nyufa ambazo nondo wa viazi huzitumia kufika kwenye kiazi. Hapa uamuzi ni mwepesi: pandishia udongo. Kinga hiyo ni ya uhakika kuliko mwindaji.

Kuna pia maadui ambao mbawakawa hawagusi. Ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wakulima wengi huuita ukungu, na mnyauko bakteria ndiyo magonjwa yanayoumiza zaidi katika nyanda zetu. Minyoo ya viazi ya jenasi Globodera, iliyothibitishwa Kenya mwaka 2015, nayo hujificha ndani ya mizizi. Kwa hayo, mbegu safi, aina zinazovumilia magonjwa na mzunguko wa mazao havina mbadala.

Anayetaka kujua kama shamba lake lina wawindaji anaweza kupima mwenyewe. Fukia kikombe cha plastiki mdomo ukiwa sawa na uso wa udongo, hata milimita moja usichomoze, maana mdudu hugeuka akigusa ukingo. Weka maji kidogo yenye tone la sabuni, funika kwa kipande cha bati kilichoinuliwa kwa vijiwe ili mvua isijaze, na uangalie baada ya siku chache. Weka vikombe vingine kwenye mpaka wenye nyasi na vingine katikati ya viazi. Kumbuka tu kwamba mtego huhesabu wanaotembea: mbawakawa mkubwa mwenye mbio huingia zaidi ya mdogo, na penye majani mazito wote hupunguza mwendo. Linganisha shamba na shamba au msimu na msimu. Usiichukue hesabu hiyo kuwa idadi kamili ya waliopo.

Anayepaswa kumtegemea

Mkulima wa mbegu za viazi asimtegemee mbawakawa dhidi ya virusi. Virusi vya viazi aina ya Y huingizwa na kidukari katika sekunde chache za kuonja jani, na kidukari akiliwa baadaye, madhara yamekwisha kutokea. Virusi vya kukunja majani huhitaji kidukari anyonye kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kupunguza vidukari waliotulia kuna maana, lakini bado viwango vya mbegu ni vikali kuliko uwezo wa mwindaji yeyote.

Mkulima wa viazi vya kula yuko katika hali nyingine. Anaweza kuvumilia majani yaliyoliwa kidogo, sota wachache na vidukari kadhaa, mradi mavuno yafike. Kwake hatua ya kwanza yenye faida ni kuacha kupulizia kwa kalenda: akague shamba, apulizie sehemu iliyoshambuliwa na kwa dawa inayolenga, na aache mpaka wa nyasi bila sumu. Matarajio sahihi ni raundi za dawa zilizopungua katika msimu, wala si msimu usio na dawa. Bwana shamba anayemwahidi zaidi ya hapo humharibia mbawakawa jina.